Kanuni ya Penseli

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mama ananiambia siku hizi unapanda ngazi za karakana umeshika ukuta, na ukiulizwa unasema unakagua rangi. Mimi huku mzima, ukiacha mafua yangu yale yale ya vumbi la plasta. Kazi imetujaa. Sijawahi kuona meno bandia mengi kama ya mwezi huu. Nadhani mji mzima umepatana kutabasamu kwa pamoja.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu unaisikia nusu, ile nusu nyingine unaitunga mwenyewe, na hili sitaki ulitunge.

Nina meza, Mjomba! Meza ya mchezo! Kila Jumamosi saa nane mchana, kwenye chumba cha chakula cha maabara yetu, tunakaa wanne. Mimi ndiye msimulizi, halafu kuna Nesi wa ghorofa ya kwanza, Fundi Lifti, na dada wa mapokezi, ambaye siku ya kwanza alikuja na daftari akidhani ni kikao cha wafanyakazi. Nawaambia mbele yao kuna pango, au mfalme mwenye hasira, wao wanasema watu wao wanafanya nini, dadu inaamua. Vile vile ulivyotufundisha mimi na mdogo wangu Kelele. Vinyago vya mashujaa nimevichonga kwa nta ya kutengenezea fizi, kwa hiyo jeshi letu zima lina rangi ya fizi.

Shida ni moja: hatuna mnuizaji. (Bado nasema mnuizaji. Mama alivyopiga marufuku neno "mchawi" ndani ya nyumba, mpaka leo linanikwama kooni.) Hakuna mwenye kutamka manuizo, moto ukawaka au mlango ukafunguka. Wanapiga tu kwa marungu. Wiki iliyopita Fundi Lifti alijaribu kushawishi mlango kwa rungu kwa dakika ishirini.

Nami najua Kibatari, mnuizaji wako, yuko kwenye droo tangu mchezaji mwenzako Mwalimu ahamie kwa binti yake, na tangu Fundi Miwani aanze kusinzia baada ya chakula na dadu mkononi. Mnuizaji wa miaka yote hiyo akae na sindano na makopo ya gundi, kweli? Mlete. Treni ya asubuhi inafika huku saa sita. Chumba changu cha nyuma kina kitanda na hakina mtu. Uje kila Jumamosi ya pili, ukae mpaka Jumatatu. Nakuhitaji, na nakuomba.

Ila sisi tunatumia kanuni za Kitabu cha Kijani, si za kile Chekundu chako. Huku nuizo halipotei likishatamkwa. Mnuizaji ana pumzi kumi na mbili, kila nuizo linakula pumzi kwa ukubwa wake, na yale madogo hayali kitu. Usikasirike kabla ya kumaliza sentensi.

Mpwa wako


13 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, mama. Goti linasema lisisemwe. Mama yako naye mwambie ngazi ile ina rangi inayobanduka kweli, aje aone. Mafua hayo funga kitambaa puani, nimekwambia tangu ulipoanza kazi. Hapa ni mzima, kazi ninayo ya siku tatu kwa wiki, wananiletea vitabu vya maktaba vilivyochanika migongo navishona. Ile saa ya ukutani imesimama, nimeiacha, inapumzika.

Nimekasirika kabla ya kumaliza sentensi.

Madogo hayali kitu? Yaani mtu awashe mwanga kwa nuizo, bure, kutwa nzima? Wewe unajua kwa nini yule anaitwa Kibatari. Kwa sababu alikuwa radhi ashike kibatari cha mafuta, moshi umjae puani, kuliko kutumia nuizo la mwanga kabla halijahitajika. Sasa nimpeleke mahali ambapo mwanga ni wa bure, ataitwa nani?

Kwenye Chekundu mtu anaamka alfajiri, anayakariri manuizo yake, kila moja mara moja. Akitamka, limekwenda, hana tena mpaka alfajiri nyingine. Ndiyo maana anafikiri kabla ya kufungua mdomo. Huyo wenu wa pumzi anafikiri lini?

Halafu naomba kujua: pumzi zikimwishia, anakufa au anazimia? Je, akivaa deraya anaweza kunuiza? Maana Chekundu kinakataza chuma mwilini. Na nuizo la moto la Kibatari ni dadu tisa, huko litakuwa ngapi? Na ulimi wa nyoka anaujua, mtaufanyaje?

Si kwamba nakuja. Nauliza tu.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena, na pole na saa. Kitambaa cha pua nimefunga, nafanana na mwizi wa meno.

"Si kwamba nakuja." Haya, bwana. Basi na mimi si kwamba nakujibu.

Pumzi zikiisha hafi, anakaa chini anahema kama wewe ukifika juu ya ngazi. Deraya inaruhusiwa kwa aliyejifunza, lakini hakuna atakayemvika Kibatari chuma kwa nguvu. Moto: huku ni dadu tatu, na unaongeza moja kwa kila pumzi unayozidisha. Nimepiga hesabu kwenye karatasi ya maabara, nyuma ya kipimo cha taya ya mzee mmoja. Akizidisha sita kwa mkupuo katika zile kumi na mbili, anafika dadu zake tisa, halafu inabidi apumzike. Ni haki kwa pande zote mbili. Ulimi wa nyoka huku si nuizo, ni lugha tu kama lugha nyingine, kwa hiyo anaingia nao bila kuulizwa. Mwanga wa bure asipoutaka asiutumie! Ashike kibatari chake, moshi umjae, Nesi atamtibu.

Kilichonishinda ni kimoja: ile kanuni ya penseli. Ukurasa wa arobaini na moja. Kila nuizo liandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi chake. Likitamkwa lifutwe kwa kifutio. Asubuhi liandikwe upya pale pale. Na siku karatasi ikitoboka kwa kufutwa, nuizo limekufa moja kwa moja. Kwenye Kijani hakuna kitu kama hicho. Nimepekua mpaka faharasa. Nikiileta kama ilivyo, wenzangu watalalamika kwamba pumzi na penseli ni kumtoza mtu mara mbili.

Kwa hiyo niandikie orodha ya manuizo yake, na kila karatasi iko katika hali gani. Hasa Rudi Nyumbani. Naikumbuka hiyo kuliko zote, inavyowachukua wenzake wote popote walipo na kuwashusha mlangoni kwao. Bado inashika?

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima.

Orodha ni hii: Moto, Fungua, Ukungu, Usingizi, Mwanga, Sikia Mbali. Karatasi zote nzima.

Nimefikiri. Kibatari amezeeka, mwache alale. Mkinitaka kweli, nipeni mtu mwingine, hata mpagazi, nibebe kamba na masufuria ya wenzangu. Nitafurahi tu.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na leo shikamoo yenyewe naitoa kwa shingo upande.

Kwanza, wewe na masufuria wapi na wapi. Pili, nimehesabu orodha yako mara mbili. Ni sita, na Kibatari ana saba. Rudi Nyumbani iko wapi? Nikasema huyu mzee ananificha kitu, ngoja nikitafute mwenyewe. Nikaenda kwa muuza vitabu vya zamani nyuma ya kituo, nikapekua masanduku matatu, nikakipata. Kitabu Chekundu! Toleo lile lile, hata lile joka lenye macho makengeza kwenye jalada.

Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja.

Mjomba. Ukurasa wa arobaini na moja ni uzito wa kamba, mishumaa na mahema. Nikasoma wa arobaini, nikasoma wa arobaini na mbili. Nikakisoma chote, jalada hadi jalada, siku mbili, na meno ya watu yakanisubiri. Hakuna penseli! Hakuna kifutio! Hakuna karatasi inayotoboka! Uliibuni! Miaka ishirini na sita naheshimu ukurasa wa mahema!

Nimecheka mpaka dada wa mapokezi akaja kuona kama nimevuta gesi. Halafu nikakasirika kidogo. Halafu nikacheka tena. Unajua mimi na Kelele tulilia mara ngapi karatasi zikitoboka? Kelele alilizika nuizo la Daraja la Barafu kwenye kopo la maua!

Sasa nieleze. Na nieleze Rudi Nyumbani iko wapi.

Mpwa wako (aliyedanganywa)


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya sita hii, kimya. Nimemuuliza Mama, anasema ulipita kwake Jumapili, ukala vizuri, ukamsema kwa sababu ya bomba lake linalovuja. Basi huumwi, umenuna.

Mimi nilikuwa natania, Mjomba. Kama nimekuvunjia heshima, nisamehe. Sihitaji maelezo. Nataka uje tu. Jumamosi kiti chako kinakaa tupu, Fundi Lifti anawekea koti lake, na mimi sipendi kuliona lile koti pale.

Mpwa wako


27 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hukunivunjia heshima yoyote. Sikununa. Niliona aibu. Ni vitu viwili tofauti, ingawa kwa mwanamume wa umri wangu vinafanana usoni.

Nimeandika barua hii mara nne. Hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Kanuni ya penseli niliibuni mimi, kweli. Mlikuwa mnanimaliza! Mimi ndiye nilikuwa msimulizi na mimi ndiye Kibatari, kwa sababu mlikuwa wawili tu na mlihitaji mtu wa tatu. Chekundu kinasema nuizo linarudi alfajiri. Nyie mkagundua kwamba alfajiri inakuja kila mkilala. Mnapigana na panya mmoja, mnasema "Mjomba, tamka Moto!", halafu "tumelala, kumekucha, tamka tena!" Mara kumi na moja mchana mmoja, saa ya ukutani haijasogea. Kelele alikuwa anaagiza Rudi Nyumbani akibanwa na mkojo. Nikasema hapa pasipokuwa na kitu kinachoisha, hawa watoto hawatafikiri kamwe. Na mimi kazi yangu ni karatasi, naijua karatasi inavyochoka. Nikawaambia ukurasa wa arobaini na moja kwa sababu mtoto anabishana na mtu mzima lakini habishani na namba ya ukurasa. Kitabu mlikuwa hamruhusiwi kukishika, mikono yenu ilikuwa na mafuta siku zote.

Hilo si la aibu. La aibu ni hili linalofuata.

Unakumbuka handaki la maji? Ulikuwa na miaka kumi. Ile ndiyo wiki Mama yenu alilazwa, nyie mkawa kwangu. Maji ya handaki yalikuwa yamefika kidevuni kwa Kelele, na Panga Butu, shujaa wako, alikuwa amekwisha zama, dadu tatu mfululizo zimekukataa. Mkageuka mkaniangalia. "Rudi Nyumbani, Mjomba." Na mimi asubuhi ile, wakati naiandika upya, penseli ilipita upande wa pili. Ilikuwa imetoboka. Nilikuwa nimeifunika kwa kiganja tangu mwanzo wa mchezo, nikiomba msiihitaji.

Ningesema ukweli. Kanuni ilikuwa yangu, nilikuwa nimewaliza kwa hiyo kanuni mara kadhaa, haki ilikuwa niseme imekufa. Ukaniuliza, huku unaangalia dadu, "Na Mama atarudi lini?"

Nikasema ngoja ninywe maji. Nikaingia karakana, nikakata karatasi nyingine kipimo kile kile, nikaipaka chai baridi, nikaikausha juu ya taa, nikaisugua kifutio mara nyingi ionekane imechoka, nikaandika. Nikarudi, nikatamka, mkafika mlangoni salama. Mlipiga kelele ya furaha, jirani akagonga ukuta.

Tangu siku ile Kibatari anatembea na nuizo la wizi. Rudi Nyumbani ya kwenye tope tuliyotamka ulipomaliza shule, na ile ya mnara, zote ni za karatasi ya chai. Nawe ukaja kuniandikia kwamba ile unaikumbuka kuliko zote, na kwamba unataka kumhamisha kwa haki ya pande zote mbili. Ningewezaje kumleta mbele ya watu wazima, wanaofuata kitabu chao, na mimi sikufuata hata kanuni niliyoitunga mwenyewe? Ndiyo sababu ya masufuria.

Sasa umejua. Ukitaka nije kama mpagazi, nitakuja.

Mjomba wako


5 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hii ni ya mara tatu kwa sababu ninalotaka kukwambia nimelikalia miaka ishirini na sita, na wewe umeandika barua mara tano tu.

Fungua kifurushi kwanza. Ndani kuna kisanduku cha plastiki cheupe, kile tunachowekea meno ya wateja. Usiogope, hakuna meno.

Umeiona?

Siku ile ya handaki, baada ya mchezo, ulinituma nikatupe maganda ya machungwa kwenye pipa la karakana. Nikaikuta juu juu. Karatasi ya Rudi Nyumbani, ina tundu katikati, na mwandiko wako pembeni ya tundu. Nikarudi mezani nikaiangalia ile uliyoshika, inanuka chai. Nilikuwa na miaka kumi, Mjomba, sikuwa mjinga.

Sikusema kwa sababu niliamini ukurasa wa arobaini na moja upo. Niliamini umevunja kitabu. Nikajua nikisema, Kelele atataka haki itendeke, Kibatari ataondolewa mchezoni, na kosa litakuwa langu. Kwa hiyo nikaificha kwenye soksi. Baadaye kwenye kopo la penseli, baadaye chuoni, baadaye huku. Nimehama nyumba sita nayo. Siku zikiwa mbaya naifungua naiangalia. Mama alikuwa hospitali, hakuna mtu aliyekuwa ananiambia chochote, na mtu mzima mmoja aliona kanuni inataka kunizamisha akainuka kwenye kiti. Unasema wizi. Mimi nililala usingizi usiku ule, wa kwanza wiki nzima. Nakupenda sana, na ungejua mapema kama tusingekuwa wote wawili wakaidi.

Jumamosi niliwasomea wenzangu barua yako. Samahani, sikukuomba ruhusa. Nesi alilia, akasema ni mafua yangu yamemwambukiza. Fundi Lifti akaomba kikaratasi na penseli. Tumepiga kura. Manuizo ya kawaida yatakwenda kwa pumzi, kama kitabu kinavyosema. Lakini kila mtu mezani atakuwa na jambo moja, moja tu, analolithamini kuliko yote, na hilo litakwenda kwa penseli. Fundi Lifti kaandika pigo la rungu lake. Dada wa mapokezi ameandika wimbo. Hakuna aliyelalamika kutozwa mara mbili.

Kwa hiyo ndani ya kifurushi kuna pia Kitabu chetu cha Kijani na ukurasa mmoja uliopigwa chapa, kanuni ya penseli, maneno yako mwenyewe. Kishone ndani, tafadhali. Unajua unapokwenda, baada ya wa arobaini. Na uniambie Kibatari anakuja na karatasi gani.

Mpwa wako


19 Juni

Mpwa wangu, mwanangu,

Marahaba mara tatu, zikufikie zote. Mimi mzima. Goti zima. Saa ya ukutani nimeitia ufunguo, inatembea, ingawa inakwenda mbele.

Nilipofungua kile kisanduku nilikaa chini. Fundi Miwani alikuwapo, akauliza ni meno ya nani, nikamwambia ya mpwa wangu, ya utotoni. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Ulijua. Siku zote ulijua, na kila nilipotamka ile ya chai ulipiga kelele ya furaha kama mwenzio. Mtoto wa miaka kumi ananitunzia siri, mimi nadhani namtunzia yeye! Nimejicheka peke yangu karakana nzima.

Kitabu chenu kilikuwa na gundi mbaya, kingechanika mgongo kabla ya mwaka kwisha. Nimekifungua chote, nimekishona upya kwa uzi, na ukurasa umeingia baada ya wa arobaini. Namba nimeipiga mwenyewe kwa herufi za risasi za kuchapia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ule ukurasa upo kweli, na mtu akibisha nitamfungulia.

Karatasi ya chai nimempa Fundi Miwani, anawekea alama kwenye kitabu chake anachosinzia nacho.

Ile nyingine, ile yako, sikuweza kuiacha na tundu. Nimeiziba. Tunayo karatasi ya kukarabatia, nyembamba kiasi kwamba ukiilaza juu ya maandishi unayasoma, na gundi ya wanga niliipika mwenyewe. Imekauka siku mbili chini ya jiwe. Ukiiinua kwenye dirisha kiraka kinaonekana, sikutaka kukificha. Halafu nimenoa penseli, nimeandika upya, taratibu. Imeshika.

Sasa wewe ndiye msimulizi, na sitafanya tena jambo nyuma ya kiganja. Kanuni inasema karatasi ikitoboka nuizo limekufa. Haisemi kitu kuhusu karatasi iliyozibwa. Amua wewe, na utakavyoamua nitakubali.

Ila lazima uamue haraka, kwa sababu tikiti nimekwisha kata. Jumamosi hii, treni ya asubuhi. Usinifuate kituoni, una watu wako wa kuwapikia chai. Naijua anwani, nitaulizia. Waambie wasogeze lile koti.

Nitasimama mlangoni kwako na Kibatari mfukoni, karatasi mkono mmoja, kifutio mkono mwingine. Nitatamka Rudi Nyumbani, halafu nitaifuta, kisha ndiyo nitagonga.

Mjomba wako